PLC Imeagiza, Mzigo Haukutii: Utatuzi wa Matatizo ya Autiputi kwa Mafundi Wanaoanza

Fundi anayeanza, awe anajifunza katika chuo cha ufundi au amekabidhiwa paneli yake ya kwanza katika kinu cha mahindi kule Kisenyi, Kampala, huja na swali lile lile: taa ndogo ya autiputi inawaka, programu inaonekana sahihi kwenye kompyuta, lakini kontakta (swichi ya mota inayovutwa na koili ya sumaku) haivuti, vali haifunguki na mota imekaa kimya. Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba katika PLC nyingi (kompyuta ndogo zinazoongoza mashine) taa ile inaonyesha agizo la programu tu. Kati ya agizo na mzigo, yaani kifaa kinachoendeshwa, pana rilei au transista, terminali ya komoni (ya pamoja kwa kundi la autiputi), fyuzi, waya, na chanzo cha umeme ambacho mara nyingi PLC haikitoi yenyewe. Kwa hiyo anayetafuta kosa kwa kutazama taa peke yake atabadilisha programu mara nyingi bila kufika popote, ilhali anayepima volteji kwenye mzigo wenyewe hupata jibu mapema.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu zinazotokea mara nyingi zimetangulia na zile za nadra zimefuata.

Kabla ya kufungua paneli

Umeme wa majumbani na viwandani nchini Uganda ni 240 V kati ya fezi na nyutro, na 415 V kati ya fezi na fezi, kwa mzunguko wa 50 Hz. Volteji zote mbili zinaua. Zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwako, kisha upime. Upimaji una hatua tatu: mita ijaribiwe kwanza kwenye chanzo unachojua kina umeme, ipime terminali unazotaka kugusa, halafu irudishwe kwenye chanzo kile kile ili uwe na hakika kwamba haikufa katikati ya kazi. Tumia mita yenye daraja la CAT III 600 V au zaidi, na nyaya zake zisiwe zimechubuka.

Paneli ya PLC ina hatari ambayo paneli ya kawaida ya taa haina, nayo ni kulishwa na vyanzo zaidi ya kimoja. Unaweza kuzima swichi kuu huku komoni ya autiputi ikiendelea kupata 240 V kutoka paneli ya jirani, au 24 V kutoka UPS, au umeme wa jenereta iliyojiwasha yenyewe. Pima kila komoni kivyake.

Rangi za waya nazo zisiaminiwe bila kupimwa. Katika mfumo wa zamani wa Kiingereza, ambao bado uko katika majengo mengi, waya mweusi ni nyutro na wa bluu ni fezi ya tatu. Katika mfumo mpya wa bluu ni nyutro na mweusi ni fezi. Paneli iliyopanuliwa kwa miaka mingi inaweza kuwa na mifumo yote miwili ndani ya mfereji mmoja.

Kazi ya kufunga au kubadilisha nyaya za majengo na viwanda nchini hufanywa na mtu mwenye kibali kinachotolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme (ERA), na vibali hivyo vina madaraja. Anayejifunza afanye majaribio kwenye meza kwa 24 V, na kazi ya 240 V aifanye chini ya usimamizi wa mwenye kibali.

Tambua aina ya autiputi uliyonayo

Hatua hii inarukwa kuliko zote, na makosa mengi yanayofuata yanatokana na kuiruka. Autiputi ziko za aina tatu. Ya rilei ni swichi ya chuma iliyo ndani ya PLC. Haijali kama umeme ni wa AC au DC mradi usizidi kiwango chake. Ya transista hufanya kazi kwa DC tu, kwa kawaida 24 V. Ya triaki hufanya kazi kwa AC tu.

Soma kibandiko cha ubavuni. Kwenye Siemens S7-1200 kuna maandishi yenye sehemu tatu, kwa mfano AC/DC/RLY au DC/DC/DC: sehemu ya kwanza inataja umeme wa kuiwasha PLC yenyewe, ya pili inputi, na ya tatu autiputi. Kwenye Mitsubishi FX3U, herufi MR zinamaanisha rilei na MT zinamaanisha transista. Baada ya MT, ES ni aina inayovuta kwenda 0 V na ESS ni aina inayotoa 24 V. Tofauti hii ya mwisho ni nzito. Katika aina inayovuta, ambayo wengi huiita NPN, mzigo hufungwa kati ya +24 V na terminali ya autiputi. Katika aina inayotoa, yaani PNP, mzigo hufungwa kati ya terminali ya autiputi na 0 V. Ukigeuza, mzigo hautawaka.

Kisha usome kiwango cha mkondo. Rilei ya S7-1200 hubeba 2 A kwa kila pointi, na transista yake 0.5 A. Rilei ya FX3U hubeba 2 A kwa mzigo wa ukinzani, kama hita ndogo, lakini kwa mzigo wa koili kiwango hushuka hadi 80 VA, ambazo kwa 240 V ni takriban 0.33 A. Siemens LOGO! ya 230 V yenye rilei hubeba 10 A kwa mzigo wa ukinzani na 3 A kwa mzigo wa koili. Anayesoma ile namba kubwa peke yake atachoma rilei ndani ya miezi michache na kulaumu kampuni iliyoitengeneza.

Dalili: taa ya autiputi inawaka, mzigo hauna umeme

Hii ndiyo dalili kuu, na inastahili muda.

Sababu inayoongoza ni komoni isiyo na umeme. Autiputi ya rilei ni swichi na haitengenezi volteji yoyote. Usipoleta umeme kwenye komoni, swichi itafunga na kufungua bure. Mara nyingi anayeanza huunganisha komoni ya kundi la kwanza na kulisahau la pili. Kwenye S7-1200 ya 1214C yenye rilei, terminali ya 1L inahudumia Q0.0 hadi Q0.4, na 2L inahudumia Q0.5 hadi Q1.1. Kwa hiyo ukiona autiputi tano za kwanza zinafanya kazi na zinazofuata zote zimekufa, usifungue kompyuta. Angalia waya wa 2L. Aina ya transista nayo ina terminali zake za +24 V na 0 V kwa ajili ya autiputi, ambazo ni tofauti na zile za kuiwasha PLC, na zisipounganishwa taa zitawaka vizuri huku mizigo ikiwa imelala.

Sababu ya pili ni fyuzi iliyokatika katika njia ya komoni. Ipime kwa mita, maana fyuzi ya kioo inaweza kuonekana nzima na isiwe nzima. Usiweke nyingine kabla ya kujua kwa nini ya kwanza ilikatika, na usiweke kubwa kuliko ile iliyoandikwa kwenye mchoro.

Ya tatu ni waya uliobanwa juu ya plastiki yake badala ya shaba, au waya wa nyuzinyuzi ambao nusu ya nyuzi zimebaki nje ya terminali. Zima umeme, vuta kila waya kwa vidole kwa nguvu ya kiasi. Uliofungwa vizuri hausogei. Waya wa nyuzinyuzi uvalishwe feruli (kifuko kidogo cha chuma cha kubana ncha) kabla ya kuingizwa kwenye terminali.

Ya nne ni mkanganyiko wa NPN na PNP uliokwisha kuelezwa. Ya tano ni dayodi ya kinga iliyofungwa kinyume, ambayo huifanya autiputi ione shoti na kujizima au kuungua. Mstari wa rangi kwenye dayodi ukae upande wa +24 V wa koili. Ya sita, na ya nadra zaidi, ni mguso wa rilei ya ndani uliochakaa.

Ukaguzi mmoja unazitenganisha sababu hizi karibu zote. Huu hufanywa umeme ukiwa umewashwa, kwa hiyo ikiwa saketi ni ya 240 V na huna kibali wala msimamizi, usiufanye. Weka ncha nyeusi ya mita kwenye nyutro, au kwenye 0 V ikiwa saketi ni ya DC, na uiache hapo. Ncha nyekundu itembee kufuata njia ya umeme, autiputi ikiwa imeagizwa kuwaka: kabla ya fyuzi, baada ya fyuzi, kwenye komoni, kwenye terminali ya autiputi, kwenye A1 ya koili (terminali yake ya kuingilia), na mwisho kwenye A2 (ya kurudia). Volteji inapaswa kuwa kamili hadi A1 na kuwa karibu sifuri kwenye A2. Ikipotea kati ya fyuzi na komoni, waya huo ndio mbovu. Ikiwa ipo kwenye komoni na haipo kwenye terminali ya autiputi, mguso wa ndani haufungi. Ikiwa ipo kwenye A1 na pia ipo kamili kwenye A2, basi nyutro ya kurudia imekatika. Tahadhari: A2 inayoonekana haina kazi itakupiga kwa 240 V kamili. Ikiwa ipo A1, A2 ni sifuri, na kontakta bado haivuti, koili imekatika. Zima umeme, toa waya mmoja wa koili na upime ukinzani. Koili iliyokatika haisomi chochote.

Njia hii inafaa kwa autiputi za rilei, triaki na PNP. Kwa NPN anza kwa kuweka ncha nyekundu kwenye +24 V na kutembeza ile nyeusi.

Dalili: taa ya autiputi haiwaki kabisa

Hapa tatizo liko kwenye PLC au programu, na nyaya za mzigo hazihusiki. Kwanza angalia kama PLC iko katika hali ya RUN. Ikiwa STOP, kwa kawaida autiputi zote huzimwa. Kisha hakiki anwani. Mitsubishi FX huhesabu autiputi kwa msingi wa nane: baada ya Y7 inakuja Y10, hakuna Y8 wala Y9. Siemens nayo hutoka Q0.7 kwenda Q1.0. Fundi aliyehesabu terminali kwa vidole atakuwa ameagiza pointi nyingine.

Sababu inayowasumbua sana wanaoanza ni kuandika autiputi ile ile mara mbili katika programu. PLC husoma programu kutoka juu hadi chini, na thamani iliyoandikwa mwisho ndiyo inayopelekwa kwenye terminali mzunguko unapokamilika. Mstari wa 3 unaweza kusema washa, mstari wa 12 ukasema zima, na taa haitawaka hata mara moja ijapokuwa ukiutazama mstari wa 3 unauona umetimia. Tafuta anwani hiyo katika programu nzima, halafu kusanya masharti yote mahali pamoja.

Dalili: mzigo unabaki umewaka baada ya kuzimwa

Peleka PLC kwenye STOP. Taa ya autiputi ikizimika na mzigo ukazimika pia, tatizo ni la programu, hasa amri ya kuwasha kwa kushikilia ambayo haikupewa amri ya kuizima. Taa ikizimika na mzigo ukaendelea, kuna mguso ulioshikana mahali fulani.

Wa kushukiwa kwanza ni kontakta yenyewe, kwa sababu ndiyo inayobeba mkondo mkubwa wa mota. Zima swichi kuu, ifunge, na upime ukinzani kati ya L1 na T1, L2 na T2, L3 na T3 (L ni upande wa umeme unaoingia, T ni upande wa mota), ukiwa umetoa nyaya za upande wa mota. Usomaji wa karibu sifuri kontakta ikiwa imeachia unaonyesha miguso imeyeyuka na kushikana. Usiigonge kwa bisibisi ili iachie. Itaachia leo na itashikana tena, pengine wakati mkono wa mtu uko ndani ya mashine. Ibadilishe.

Kontakta ikiwa nzima, ondoa nyaya za autiputi ya PLC na upime ukinzani kati ya komoni na pointi hiyo, umeme wote ukiwa umezimwa. Rilei nzima iliyofunguka haisomi chochote. Ikisoma ohmu chache, imeshikana. Ikiwa kuna pointi isiyotumika, unaweza kuhamishia waya huko na kubadilisha anwani katika programu, lakini kwanza utafute kilichoua ile ya awali. Maelezo yako chini, kwenye dalili ya autiputi zinazokufa.

Mashine yenye visu, mikanda, mawe ya kusagia au chochote kinachoweza kumkamata mtu, ikiwa imekataa kuzimika hata mara moja, isiendeshwe tena mpaka mtaalamu aliyehitimu aikague saketi yote ya usalama.

Dalili: taa ya LED inamulika hafifu ingawa autiputi imezimwa

Autiputi ya triaki huvujisha mkondo mdogo hata ikiwa imezimwa, wa kiasi cha mA 1 hadi 2 kwa volteji ya nyumbani, na taa ndogo ya LED au ya neoni inatosheka nao. Kinga ya kapasita na ukinzani iliyofungwa sambamba na mguso wa rilei hufanya vivyo hivyo: kapasita ya 0.1 µF kwa 240 V na 50 Hz hupitisha takriban mA 7.5. Hamishia kinga hiyo kwenye mzigo. Kwa triaki, weka rilei ya kati.

Kuna jambo la kufanana nalo linalowatisha wengi bila sababu. Mita ya kidijitali inasoma makumi ya volti kwenye waya mrefu ambao haujaunganishwa popote. Hiyo ni volteji inayorukia kutoka waya wa jirani, na hutoweka mara mzigo halisi unapofungwa.

Dalili: kontakta inanguruma au inagongagonga

Tenganisha sauti mbili. Mngurumo wa mfululizo ni tatizo la sumaku au volteji. Kugongagonga ni kuwaka na kuzima kwa haraka.

Kwa mngurumo, pima volteji kati ya A1 na A2 wakati kontakta imevuta. Kontakta zinazofuata viwango vya IEC zinapaswa kuvuta kati ya 85% na 110% ya volteji iliyoandikwa kwenye koili, yaani koili ya 230 V inahitaji angalau takriban 195 V. Palipo na laini ndefu kutoka transfoma, volteji inaweza kushuka chini ya hapo jioni. Ikiwa volteji ni nzuri na mngurumo unaendelea, zima, ifungue na utazame nyuso za chuma zinazokutana. Katika vinu, unga laini huingia humo na kujishindilia mpaka nyuso hazikutani sawasawa. Futa kwa kitambaa kikavu, usitumie msasa wala mafuta. Ikiwa pete ya shaba iliyozamishwa kwenye uso wa chuma imevunjika, kontakta haitengenezeki.

Kwa kugongagonga, angalia taa ya autiputi. Ikiwa nayo inapepesa, programu ndiyo inayoagiza hivyo, na chanzo chake mara nyingi ni floti ya tangi au kihisi kinachocheza kwenye ukingo wa kiwango. Weka taima ya sekunde chache, au viwango viwili, kimoja cha kuwasha na kingine cha kuzima. Taa ikiwa imetulia huku kontakta ikigongagonga, tafuta terminali iliyolegea, au chanzo cha 24 V kinachoshuka kila koili inapovuta. Usiiache hali hii hadi kesho. Kila mgongano unayeyusha miguso kidogo, na mota inaanza upya kila mara ikivuta mkondo wake wa kuanzia.

Dalili: autiputi zinakufa, moja baada ya nyingine

Fundi akibadilisha PLC mara ya pili katika paneli ile ile bila kuchunguza, ya tatu itakufa pia. Kosa liko nje ya PLC.

Sababu kubwa ni kufunga mzigo mzito moja kwa moja. Mota ya 1.5 kW ya fezi moja huvuta karibu 10 A ikikimbia na mara kadhaa ya hapo inapoanza. Rilei ya 2 A haina uwezo nayo hata kwa dakika moja. Mota hulishwa kupitia kontakta na ovalodi (kinga inayokata mota ikizidiwa), na PLC huendesha koili ya kontakta tu. Hata koili yenyewe ihesabiwe. Kontakta ndogo ya 9 A yenye koili ya AC huvuta kama VA 70 inapoanza na takriban VA 7 inaposhikilia, hivyo iko ukingoni mwa ile 80 VA ya FX3U. Kontakta kubwa zaidi zinaweza kupita VA 200 wakati wa kuvuta. Kwa hizo weka rilei ya kati: PLC iwashe rilei ndogo ya 24 V yenye soketi, nayo rilei hiyo iwashe koili ya kontakta. Rilei ya soketi inabadilishwa kwa bei ndogo bila kugusa PLC, na ningeiweka katika kila paneli inayokwenda mahali palipo mbali na fundi, hata kama hesabu inasema si lazima.

Sababu ya pili ni koili zisizo na kinga. Koili inapozimwa hurudisha mshtuko wa volteji mara nyingi zaidi ya ile iliyokuwa ikiilisha. Kwenye rilei hutoa cheche inayokula mguso, na kwenye transista hutoboa kabisa. Kwa koili ya DC, funga dayodi sambamba nayo, kwa mfano 1N4007, mstari ukiwa upande wa chanya. Kwa koili ya AC dayodi haifai kamwe. Funga kapasita ya 0.1 µF pamoja na ukinzani wa ohmu 100 hadi 120 kwa mfululizo, vyote sambamba na koili, kapasita ikiwa ya daraja la X2 kwa 275 V AC. Kinga iwe karibu kabisa na koili.

Sababu ya tatu inaonekana sana katika paneli za zamani za stadelta (za kuanzisha mota kubwa kwa hatua mbili): koili ya kontakta ni ya 415 V, na fundi ameipitisha kwenye autiputi ya PLC kama ilivyokuwa ikipita kwenye kitufe cha zamani. Rilei za PLC hizi huishia 250 V. Soma volteji iliyoandikwa kwenye koili yenyewe, karibu na A1, kabla ya kuunganisha chochote. Ikiwa ni 415 V, badilisha koili. Kwa sababu hiyo hiyo usiweke fezi mbili tofauti kwenye makundi yaliyo jirani ya autiputi, kwani kati yake patakuwa na 415 V, na usichanganye 24 V na 240 V katika kundi lenye komoni moja.

Sababu ya nne ni jumla ya mikondo. Transista ya FX3U hubeba 0.5 A kwa pointi, lakini pointi 4 zenye komoni moja hazipaswi kupita 0.8 A kwa pamoja. Vali nne za wati 5 kwa 24 V zinavuta 0.21 A kila moja, jumla 0.84 A. Kila pointi iko salama, na kundi limezidiwa.

Terminali zikiwa zimebadilika rangi, plastiki imelainika au kuna harufu ya kuungua, usiwashe tena ili kuona kitakachotokea. Mwite mwenye kibali.

Dalili: PLC inajizima au kuanza upya mzigo unapobadilika

Pima 24 V wakati mizigo inawaka. S7-1200 inayowashwa kwa 24 V DC huhitaji kati ya 20.4 V na 28.8 V, ikishuka chini ya hapo, chanzo kimezidiwa. Kosa la kawaida ni kulisha vali kutoka ile terminali ndogo ya 24 V iliyo kwenye PLC, ambayo kwenye 1214C hutoa 400 mA tu na imewekwa kwa ajili ya vihisi. Weka chanzo tofauti kwa mizigo. Volteji ikiwa imara, lawama ni za koili zisizo na kinga, au za nyaya za mota zilizolazwa pamoja na nyaya za vihisi katika mfereji mmoja. Zitenganishe, na zikilazimika kukutana zipishane kwa pembe ya mraba.

Dalili: mashine inajiwasha umeme unaporudi

Umeme ukikatika wakati wa kazi, watu hukaribia mashine, huondoa kifuniko cha kinga, husafisha kilichokwama. Mashine inayojiwasha wakati huo ni hatari kuliko makosa yote yaliyotajwa hapa.

Mara nyingi sababu ni swichi ya kuzungusha inayobaki mahali pa kuwasha. Inayofuata ni kumbukumbu ya programu iliyowekwa ihifadhiwe hata umeme ukikatika. Ya mwisho ni mguso ulioshikana. Tumia kitufe cha kubonyeza na kuachia, na programu ianze ikiwa imezimwa kila PLC inapoingia RUN. Jaribu kwa kukata umeme wa paneli na kuurudisha, mtu yeyote asiwe karibu na mashine.

Kitufe cha dharura kikate umeme wa koili za kontakta kwa waya, moja kwa moja, na PLC ipewe taarifa tu kupitia inputi. Kikipita kwenye programu peke yake, rilei iliyoshikana au transista iliyotoboka itakipuuza. Saketi hii isanifiwe na kukaguliwa na mhandisi au fundi aliyeidhinishwa. Tatizo likiwa upande wa laini, mita au fezi iliyopotea kabla ya swichi kuu, usilishughulikie. Waite UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme, ambao tangu Aprili 2025 ndio wanaosimamia usambazaji uliokuwa mikononi mwa kampuni iitwayo Umeme.

Unapomwita mtaalamu, mwandalie namba kamili ya modeli iliyo kwenye kibandiko, volteji ulizopima kwenye komoni, A1 na A2, volteji iliyoandikwa kwenye koili, nakala ya programu, na mchoro wa nyaya hata kama umeuchora kwa mkono. Mwambie pia kila waya uliouhamisha.